Utomvu wa mwembe umeganda kwenye boneti: mafuta ya taa, spiriti au maji ya moto?

#1 KivuliChaBure
Wakuu habari zenu. Gari ni Premio nyeusi ya metaliki, rangi ya kiwandani, haijawahi kupulizwa. Inalala chini ya mwembe. Tangu mwembe uanze kutoa maua, boneti na paa vimejaa vitone vinavyonata, na vingine vimeshakauka vikawa kahawia. Waosha magari wanasema nimwagie mafuta ya taa nisugue kwa brashi. Fundi rangi anasema mafuta ya taa yanaua kliya (lile tabaka la juu lisilo na rangi, linalong'aa), nitumie thina kidogo. Jirani anasema spiriti ya famasi inatosha. Yupi yuko sahihi? Na zile pete zinazobaki utomvu ukishatoka, zinaondokaje?

#2 Msasa2000
Brashi kaa nayo mbali. Hiyo ndiyo inaharibu magari mengi kuliko utomvu wenyewe.

Fanya hivi. Gari iwe kivulini na bati liwe limepoa, ukiliwekea kiganja usisikie joto. Osha gari lote kwanza kwa maji mengi na shampuu ya gari, kwa sababu utomvu ulioganda umeshika vumbi na mchanga, ukianza kusugua hivyo hivyo unakuwa unapiga msasa bila kujua. Kausha. Chukua kitambaa cha maikrofaiba, kiloweshe spiriti ya 70% (ya famasi, isiyo na rangi), kibandike juu ya kitone na ukiache sekunde 30 hadi dakika moja. Usisugue. Inua, pangusa kuelekea upande mmoja, geuza kitambaa upande safi, rudia. Shughulikia eneo la ukubwa wa kiganja, lisuuze kwa maji ndipo uhamie jingine. Mwisho paka waksi, maana spiriti imeshaondoa ile iliyokuwepo.

Jeli ya sanitaiza inafanya kazi vizuri kuliko spiriti yenyewe kwenye paa na milango, maana haitiririki na inachelewa kukauka. Hakikisha tu haina chembechembe wala manukato ya mafuta.

#3 MzeeWaKijiwe
Nimekaa siti ya nyuma nawasubiri wajuvi. Gari sina, ila mwembe ninao.

#4 ShambaNaGereji
Kabla hamjamaliza spiriti za famasi: huo sio utomvu. Mwembe haudondoshi utomvu hovyo kwa sababu una maua. Utomvu wa mwembe unatoka pale kikonyo cha embe kinapokatika, au gome likijeruhiwa. Kinachodondoka msimu wa maua ni uchafu wa wadudu. Vidung'ata, wadudu gamba na wale panzi wadogo wa mwembe wananyonya maji ya mti yenye sukari nyingi kuliko wanayohitaji, na ya ziada inatokea nyuma. Unaoshea mkojo wa wadudu, mkuu.

Namna ya kujua: vitone ni vidogo kuliko kichwa cha kiberiti na vimetapakaa sawasawa. Angalia majani ya chini ya mti, juu yake yanang'aa, na baada ya wiki chache yanashika ukungu mweusi mithili ya masizi. Angalia na shina: sisimizi wa kawaida au maji moto (wale sisimizi wekundu wanaouma) wanapanda na kushuka mfululizo, wanafuata hiyo sukari.

Sasa sukari haiyeyuki kwenye mafuta ya taa hata ukisugua mpaka kesho. Hata spiriti haina kazi hapo. Inataka maji ya moto. Loweka taulo kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 60, litandaze juu ya boneti dakika 5, rudia mara mbili, halafu osha kwa shampuu. Yasiwe yanayochemka, na usiyapeleke kwenye kioo cha mbele asubuhi ya baridi, kikiwa na ufa mdogo utatembea.

#5 KivuliChaBure
Asante #4. Nimechungulia, masizi yapo na sisimizi wapo. Lakini pia kuna matone makubwa ya kahawia, kama matano hivi kwenye boneti, magumu kabisa.

#6 Msasa2000
Basi una vyote viwili. Maji ya moto kwanza kwa gari zima, kitakachobaki ndicho cha spiriti. Na nimsahihishe #4 kidogo: spiriti ya 70% ina karibu theluthi moja maji, kwa hiyo sukari inatoka kiasi chake. Ile kali ya 95% ndiyo haigusi sukari.

#7 FundiRangiTemeke
Mnaitukana thina bure. Gari iliyotoka kiwandani rangi yake imeokwa kwenye tanuri nyuzi kama 140. Ukipitisha kitambaa chenye thina harakaharaka na kufuata na maji, haiendi popote. Kwenye gereji tunafuta nayo lami na gundi za stika kila siku. Tatizo ni gari zilizopulizwa mtaani kwa rangi isiyochanganywa na hadina (dawa ya kuikaza rangi), hizo ukigusa na thina rangi inakuja na kitambaa. Kwa hiyo jaribu kwanza pale ndani ya mfuniko wa tenki la mafuta. Kitambaa kikitoka safi, endelea.

#8 Msasa2000
Fundi, hapo kwenye mfuniko wa tenki nakukatalia. Kipimo cha pale kinakuambia habari za mfuniko wa tenki. Boneti inaweza kuwa ilipulizwa peke yake kule kule Japani baada ya kugongwa, au ilibadilishwa bandarini, na mwenye gari hajui. Jaribu kwenye paneli ile ile, sehemu iliyojificha: ukingo wa boneti upande wa ndani, au chini ya mlango.

Na hata kliya yenye hadina, thina ikikaa sekunde kadhaa inaivimbisha. Hutaona siku hiyo. Unaona baadaye sehemu hiyo imefifia na haishiki waksi sawa na nyingine. Halafu kuna michirizi: thina ikiteleza ikafika kwenye taa za mbele, zile ni plastiki ya polikaboneti, zinapasuka nyufa ndogondogo zisizotoka kwa polishi. Na "thina" ya dukani inatofautiana sana, kopo hadi kopo. Anayefuta lami kila siku mkono wake unajua muda wa kuinua kitambaa, mwenye Premio hajui.

#9 FundiRangiTemeke
Sawa, kwenye ukingo wa boneti nimekubali. Kwenye thina sijakubali.

#10 TangaYetu
Mbona mnasahau mafuta ya kula? Anayepasua fenesi anapaka mafuta mikononi na kwenye kisu, ule ulimbo haunati. Kwenye gari ni vile vile. Paka mafuta ya kula au ya nazi, acha dakika 10 hadi 15, pangusa, osha kwa sabuni ya vyombo. Haina madhara kwa rangi wala kwa mikono.

#11 MbaoMufindi
#10 inategemea mti. Huku kwetu ni misonobari. Ulimbo wa msonobari unalegea kwa mafuta lakini haumaliziki, unaupaka tu na kuusambaza. Kinachoumaliza ni spiriti au tapentaini. Tapentaini halisi yenyewe inatokana na ulimbo wa misonobari, kwa hiyo inauyeyusha bila kulazimisha. Angalia tu lebo, nyingi za hadwea zinazoitwa tapentaini ni za petroli. Hata hizo zinafanya kazi, ila zinaacha utelezi wa kuosha kwa sabuni.

Mapande manene usiyaloweshe moja kwa moja, utapoteza spiriti. Weka barafu kwenye mfuko wa plastiki, igandamize juu ya pande dakika 5. Ulimbo unakuwa mgumu, unauvunja kwa kadi ya plastiki, kinachobaki ndicho unamalizia na spiriti.

#12 ShambaNaGereji
Barafu sawa kwenye kioo. Kwenye rangi mimi siishauri. Ulimbo ukiwa umeshika vizuri, ukiuvunja unaweza kubanduka na kipande cha kliya, hasa gari iliyopulizwa upya bila kukwangua vizuri rangi ya chini. Na kadi ya plastiki juu ya ulimbo wenye mchanga inachora.

#13 MbaoMufindi
Inabanduka kliya ambayo ingebanduka tu hata kwa maji ya presha. Barafu haina kosa hapo.

#14 PwaniSafi
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu kisa ni mwarobaini. Mnaosema spiriti, spiriti: gundi ya mwarobaini haiyeyuki kwa spiriti, tena inazidi kuwa ngumu. Ni gundi ya jamii moja na ya migunga, kazi yake ni maji. Tandaza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, ukiona kinakauka ongeza maji. Gundi inavimba, inakuwa laini, inateleza yenyewe. Wengi wanakosa subira, dakika 2 hawajaona kitu wanakimbilia petroli.

#15 ShambaNaGereji
#14 umegusa penyewe. Miti haitoi kitu kimoja. Mwarobaini, migunga na mkorosho zinatoa gundi, na gundi ni ya maji. Msonobari na jamaa zake zinatoa ulimbo, huo ni wa spiriti na tapentaini. Mfenesi, mpira na mtini zinatoa maziwa yanayoganda kuwa mpira, hayo hayasikii maji wala spiriti, yanataka mafuta na muda, halafu unayaviringisha kwa kidole yatoke kama uzi. Mkaratusi una maji mekundu yanayotia doa kuliko kunata.

Mwembe ndio msumbufu, kwa sababu utomvu wake una sehemu mbili, ya maji na ya mafuta. Ukikata kikonyo cha embe bichi na kukinga ule mruko wa kwanza kwenye chupa, ukiuacha utatengana wenyewe: mafuta juu, maji chini. Ndiyo maana maji ya moto yanatoa nusu, spiriti nusu.

#16 MzeeWaKijiwe
Kumbe siku zote nakula embe la gereji.

#17 Dereva_wa_Usiku
Petroli je? Kila mtu anayo tayari.

#18 Msasa2000
Inayeyusha ulimbo, kweli. Pia inaondoa waksi yote, inakausha mpira wa waipa na wa milango, na mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu. Kama ni lazima utumie kitu cha jamii hiyo, chukua mafuta ya taa: yanakauka polepole na hayashiki moto kirahisi namna hiyo. Yanalegeza ulimbo na lami, na hayaui kliya kama fundi wa kwenye #1 anavyosema. Kosa lake ni kuacha utando wa mafuta unaokamata vumbi. Osha kwa sabuni ya vyombo mara moja ukimaliza. Sabuni ya unga ya kufulia hapana, na stili waya msinitajie kabisa.

#19 KivuliChaBure
Naomba turudi kwenye pete. Kitone kimetoka lakini duara limebaki.

#20 FundiRangiTemeke
Hiyo ni asidi. Utomvu wa mwembe ni mkali, unababua ganda la embe lenyewe na midomo ya watoto. Umekula kliya. Dawa ni msasa.

#21 PwaniSafi
Kama ni asidi tu, mbona gari likiwa kivulini mchana kutwa halipati pete, na lililotoka kivulini likapigwa jua linapata? Ni joto. Bati jeusi juani linapita nyuzi 60, kliya inalainika na kutanuka. Kitone kilicho juu yake kinakauka, kinasinyaa na kuvuta ukingo. Jioni bati linapoa, kliya inashika umbo lile. Ni kisa kile kile cha kinyesi cha ndege.

#22 ShambaNaGereji
Kinachobabua ganda la embe ni ile sehemu ya mafuta zaidi kuliko asidi, fundi. Mafuta yale yanapenya. Naona yanaingia kwenye kliya na kuivimbisha, sawa na thina yako inavyofanya, polepole tu. Na pete nyingine sio shimo wala uvimbe, ni doa la rangi lililozama. Hapo mtu akipiga msasa anaondoa kliya nzima bila sababu.

Mleta uzi, pima hivi. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze karibu na bati ili mwanga upite kwa pembeni. Ukiona kivuli kwenye ukingo wa pete, kuna shimo au kigongo. Usipoona kivuli, ni doa. Kisha pitisha ukucha polepole: ukikwama, shimo ni la kina.

#23 Msasa2000
Naongeza hatua kabla ya msasa, maana msasa ndio wa mwisho. Kwanza joto: taulo la maji ya moto dakika 5, au egesha juani saa moja gari likiwa safi kabisa. Pete zilizotokana na kliya kuvutwa wakati mwingine zinajilaza zenyewe. Zikibaki, klei (donge laini la kusafishia rangi) kwa kile kinachokwaruza mkono: maji ya sabuni mengi, klei iteleze bila kukandamiza, uikande upya kila paneli. Ikianguka chini itupe, usiioshe. Zikibaki tena, polishi laini kwa mkono, halafu kompaundi (polishi kali inayokwangua). Msasa wa maji namba 3000, au 2000 kama ukucha unakwama, ni kwa anayejua anachofanya, kwenye eneo dogo la sarafu, kufuta mara chache na kuangalia.

Sababu ya woga wangu: rangi yote ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, ni mikroni (elfu moja za milimita) 100 hadi 150 hivi, na kliya ndani yake ni kama 40 hadi 50. Na kinga ya jua iko kwenye kliya. Ukikwangua nyingi, leo inang'aa, baada ya misimu kadhaa ya jua inaanza kubanduka.

#24 Dereva_wa_Usiku
Kwenye gari nyeupe kitambaa cha kompaundi kinatoka cheupe. Inamaanisha nimemaliza kliya?

#25 FundiRangiTemeke
Toyota nyingi nyeupe ya kodi 040 (namba ya rangi ya kiwandani) hazina kliya kabisa, ni rangi moja tu. Kitambaa kutoka cheupe ni kawaida. Angalia kibati cha kodi kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kwa nyeusi ya metaliki ya mleta uzi, kitambaa kikitoka cheusi simama hapo hapo, umefika kwenye rangi.

#26 Nyamachoma_FC
Suluhisho ni moja: kata mwembe.

#27 MzeeWaKijiwe
Mwembe dodo ukatwe kwa ajili ya Premio? Uza Premio.

#28 ShambaNaGereji
Hakuna haja ya kukata. Sukari ile inalindwa na sisimizi, wao ndio wanawafukuza wadudu wanaowala vidung'ata. Zungushia shina ukanda wa plastiki wa sentimita 15, paka grisi juu ya plastiki, sio kwenye gome. Kata na matawi yanayogusa ukuta au waya, vinginevyo watapita huko. Matawi ya chini unayoyafikia yapulizie maji yenye sabuni ya maji kidogo, jioni.

#29 TangaYetu
Taratibu na hao sisimizi maji moto, mkuu. Wakulima wa korosho wanawatunza makusudi kwa sababu wanawinda mbu wa mikorosho (mdudu anayenyonya machipukizi, sio mbu wa malaria). Ukiwazuia kwenye mwembe unapata gari safi na maembe mabovu.

#30 ShambaNaGereji
Wanawinda, ndiyo, na wakati huo huo wanafuga wadudu gamba. Ndiyo maana nasema chagua gari au embe.

#31 BongoBerlin
Msidhani ni shida ya mwembe tu. Huku Ujerumani mitaa imepandwa miti ya kivuli iitwayo linden, na mwezi wa 6 kila gari chini yake linanata. Ni vidukari, wadudu wanyonyaji kama wale wa mwembe, wananyonya majani. Watu wanapeleka gari kwenye maji ya uvuguvugu kila wiki, wanapaka waksi mara kwa mara, basi. Ikikaa siku moja mbili inatoka kwa maji. Ikikaa wiki kwenye jua ndipo mnaanza hadithi za pete.

#32 Dereva_wa_Usiku
Na turubai?

#33 Msasa2000
Linasaidia kama gari ni safi unapolifunika. Ukifunika gari lenye vumbi, upepo unalisugua usiku kucha. Na sukari inapenya kitambaa chepesi, asubuhi turubai limegandia kwenye paa. La ndani laini, nje lisilopitisha maji, na ulioshe lenyewe pia.

Kwenye kioo wala msihangaike: maji ya sabuni na wembe mpya ulioulaza. Waipa ipanguse kwa spiriti, la sivyo inasambaza ulimbo kila mvua ikinyesha. Fungua na kona zile chini ya kioo cha mbele, maua ya mwembe yanaziba njia za maji.

#34 KivuliChaBure
Shukrani wakuu. Maji ya moto yametoa vyote vidogo, sanitaiza imetoa makubwa. Pete zimebaki mbili kwenye boneti, karibu na kona ya kulia. Kwa tochi naona kivuli, ukucha haukwami.

#35 FundiRangiTemeke
Lete nikupigie 3000 na kompaundi, nusu saa.

#36 PwaniSafi
Usipeleke kokote kabla hujajaribu jua. Ukucha haukwami maana yake kliya imevutwa tu, haijaliwa.

#37 ShambaNaGereji
Au imevimba. Ikiwa imevimba na akaipiga msasa leo, ikishuka kesho kitabaki kishimo. Aiache wiki mbili kwanza, aangalie tena kwa tochi ile ile.

#38 FundiRangiTemeke
Wiki mbili chini ya mwembe huo huo?